Metro, tramu, mwendokasi, SGR: acha kuangalia chombo, angalia kinapita wapi

Mdogo wangu anajiandaa na safari yake ya kwanza ya mbali, juzi akatupia swali kwenye grupu la familia, swali lenyewe jepesi tu: nikishuka kwenye ndege nipande nini mpaka mjini? Dakika tano hazijaisha ana majibu sita. Mmoja anamwambia panda metro, mwingine panda treni, shangazi akaja na yake kwamba achukue tramu maana metro iko chini ya ardhi atapotea, binamu akauliza kwani tramu na treni si kitu kimoja, mjomba naye ambaye huwa hapitwi na mada akamalizia kwa kuuliza kama huko kuna SGR. Dogo akaandika "basi nitachukua teksi" na grupu likawa kimya.

Mimi sikumlaumu hata kidogo. Haya majina yamechanganyika vibaya, kuna jina la chombo, kuna jina la njia, kuna jina la huduma, mengine ni majina ya kampuni tu, halafu sisi tunayatumia yote kana kwamba ni aina za usafiri. Ni sawa na mtu akuulize leo kumepikwa nini, wewe umjibu "sufuria". Kwa hiyo nimekaa nikajaribu kuyapanga, na kadiri nilivyoyapanga ndo nikazidi kuona kwamba jina la chombo ndo kitu cha mwisho msafiri anachotakiwa kuhangaika nacho.

Umma sio serikali

Tuanze na neno lenyewe. Usafiri wa umma ni chombo chochote ambacho mtu yeyote mwenye nauli anaruhusiwa kupanda, kinapita njia inayojulikana, na humo ndani unakaa na watu usiowajua. Hayo tu. Hakuna mahali nimetaja serikali, na hapa ndo wengi wanaanza kupotea, wanadhani cha umma lazima kiwe mali ya serikali. Mabasi ya London yanaendeshwa na kampuni binafsi zenye mikataba na mamlaka ya usafiri ya jiji, mamlaka inapanga njia na nauli, kampuni inaleta dereva na basi. Japani zipo kampuni binafsi kibao za reli, na baadhi zinaingiza hela kwenye maduka na majengo ya stesheni zao pia, sio kwenye tiketi peke yake. Umma hapo ni yule abiria, sio mwenye mali.

Kwa kipimo hicho teksi ya kuita kwa simu inatoka, maana njia unaipanga wewe na siti ni zako peke yako. Ndege je? Ukiangalia vizuri inaingia, yeyote mwenye tiketi anapanda, njia inajulikana, na jirani yako humjui hata akikulalia begani masaa manne. Ni mazoea tu yanatufanya tusiihesabu.

Wazo hili ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1662 pale Paris, Blaise Pascal, huyo huyo wa hesabu, alianzisha na wenzake magari ya farasi yanayopita njia maalum kwa nauli inayojulikana, na yanaondoka kwa wakati hata kama abiria hawajajaa. Tatizo wakubwa wa mji wakazuia askari, watumishi na vibarua wasipande, yaani usafiri wa umma usiotaka umma, na baada ya miaka kama 15 ukafa. Ikabidi isubiriwe mpaka 1826 kwenye mji wa Nantes, Ufaransa hiyo hiyo, Stanislas Baudry akaanzisha magari yaliyokuja kuitwa omnibus, neno la Kilatini lenye maana ya "kwa ajili ya wote". Watu kwa uvivu wa ulimi wakakata kichwa wakabaki na mkia, bus, sisi tukaongeza irabu ikawa basi. Kwa hiyo kila ukisema basi unataja mkia wa neno la Kilatini ambao ukiwa peke yake hauna maana yoyote, nalipenda sana hilo.

Sasa turudi kwa dogo. Badala ya kumtajia vyombo nimempa maswali matatu ya kuuliza popote atakapofika: hiki kitu kina njia yake au kinagombania na wengine? Kinaondoka kwa saa au kinaondoka kikijaa? Na kinasimama wapi? Hilo la kwanza ndo kubwa kuliko yote, nitakaa nalo.

Maji ya bomba na maji ya ndoo

Fikiria nyumba mbili zinataka maji. Moja ina bomba, ya pili inaletewa na mtu aliyebeba ndoo kichwani anayepita katikati ya soko. Sokoni kukiwa na watu kumi au elfu kumi, wa bomba hana habari. Wa ndoo kila hatua ni samahani, naomba njia, jamani nipisheni, na hata umpe viatu vizuri vipi hawezi kumshinda mwenye bomba. Usafiri wote wa duniani uko mahali fulani kati ya hawa wawili.

Basi la kawaida ni mtu wa ndoo. Liko barabarani na magari binafsi, malori na pikipiki, na foleni haiulizi umebeba wangapi. Basi lenye watu sitini na gari dogo lenye mtu mmoja anayesikiliza redio wote wanasubiri taa ile ile. Na njia moja ya barabara inapitisha magari kama 2,000 hivi kwa saa mambo yakienda vizuri, mengi yana mtu mmoja au wawili, wakati reli moja ya metro iliyopangwa vizuri inapitisha makumi ya maelfu ya watu kwa saa ile ile. Hiyo ndo sababu miji mikubwa haiwezi kuishi kwa kuongeza barabara tu.

Halafu kuna mwendokasi, na hapa ngoja niseme kitu ambacho watu hawapendi kukisikia: basi la mwendokasi halina injini ya ajabu. Ni basi. Kilichobadilika ni kila kitu kinacholizunguka. Mji wa Curitiba kule Brazil ndo ulioonyesha njia, mwaka 1974, chini ya meya Jaime Lerner aliyekuwa msanifu majengo, hela za kuchimba metro hazikuwepo kwa hiyo wakachukua mabasi wakayapa njia yao katikati ya barabara, na baadaye wakajenga vile vituo vyao vya mrija wa kioo ambapo unalipa kabla ya kupanda na sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Bogotá ya Colombia ikafuata kwa ukubwa zaidi mwaka 2000, na miji mingi ikaiga.

Mbona sakafu ya kituo ni habari kubwa hivyo? Siku moja ukiwa kituoni huna haraka, hesabu sekunde. Basi la kawaida linasimama, mlango mmoja unafunguka, wa kushuka na wa kupanda wanakutana pale pale, mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko mkononi anapanda ngazi tatu moja moja, nyuma yake kuna kijana anatafuta chenji mfuko wa kulia, hamna, anahamia wa kushoto, dereva anasubiri, mtu anauliza hili linapita hospitali? Dakika imeisha, na wamepanda watu wanne. Zidisha kwa vituo ishirini. Kwenye kituo cha mwendokasi milango mitatu minne inafunguka kwa pamoja, hakuna ngazi, hakuna chenji, watu wanaingia kama wanaingia sebuleni kwao, sekunde ishirini basi limeondoka. Mwendo kasi wote uko hapo na kwenye ile njia ya peke yake. Ukiruhusu pikipiki na magari ya wakubwa kuingia kwenye njia hiyo unabaki na basi refu kwenye foleni, hata ulipake rangi gani.

Tramu inawachanganya wengi kwa sababu ina reli, na akili yetu ikiona reli inasema treni. Lakini reli za tramu mara nyingi zimelazwa ndani ya lami ya barabara ya kawaida, gari linapita juu yake. Ya kwanza ya umeme kubeba abiria kila siku ilianza 1881 huko Lichterfelde karibu na Berlin, na leo mtandao mkubwa kuliko yote duniani uko Melbourne, Australia, ambako sehemu kubwa ya tramu bado zinapita pamoja na magari. Kwa hiyo tramu inaweza kuwa bomba au ndoo, inategemea mtaa. Ina wema wake, imetulia, haitoi moshi, inabeba watu wengi kuliko basi, ila ina ubaya mmoja mkubwa: gari likiharibika mbele yake basi litakwepa, tramu itasimama pale pale inapiga kengele. Ipo na trolibasi, basi lenye matairi linalokula umeme kutoka kwenye nyaya za juu kwa mikono miwili mirefu, hiyo inaweza kukwepa kidogo mpaka mikono itakapochomoka na dereva ashuke kuirudisha kwa kamba.

Ukikutana na neno "reli nyepesi" usidhani wamepima mabehewa kwenye mizani. Wepesi hapo ni uwezo wa kubeba, inabeba wachache kuliko metro, wengi kuliko tramu ya kawaida, na mara nyingi ni tramu iliyopewa njia yake kwa sehemu kubwa ya safari. Miji mingine inaita hivyo kwa sababu tu inasikika ya kisasa kuliko tramu, mimi sioni tofauti zaidi ya hapo.

Metro sasa. Shangazi anasema iko chini ya ardhi, na hayuko peke yake, maana hata jina la ile ya London linasema hivyo. Ukweli ni kwamba zaidi ya nusu ya reli za hiyo London Underground ziko juu, kweupe, unaona nyumba za watu na nguo zimeanikwa. Ile ya Chicago sehemu yake maarufu imepandishwa kwenye nguzo juu ya barabara. Kinachoifanya metro kuwa metro ni kwamba hakuna kitu kingine kinachoingia njiani mwake: hakuna taa za barabarani, hakuna kivuko cha miguu, hakuna lori. Bomba kamili. Kuchimba chini ni njia mojawapo tu ya kupata bomba pale mji unapokuwa umeshajaa juu. London walianza tarehe 10 Januari 1863, Paddington mpaka Farringdon, na injini zilikuwa za mvuke, yaani moshi wa makaa ndani ya handaki, watu wakapanda hivyo hivyo wakikohoa kwa sababu juu palikuwa pabaya zaidi. Umeme uliingia kwenye mahandaki ya kina kirefu mwaka 1890.

Na kama unataka ushahidi kwamba umbo la chombo sio hoja, Wuppertal ya Ujerumani ina treni inayoning'inia, reli iko juu ya paa na behewa linabembea chini yake, sehemu kubwa juu ya mto. Ilifunguliwa 1901 na mpaka leo watu wanaenda nayo kazini. Mwaka 1950 kuna sarakasi ilimpandisha mtoto wa tembo aitwaye Tuffi kwa ajili ya matangazo, tembo akapata wasiwasi, akavunja ukuta wa behewa akaangukia mtoni, akatoka salama. Hii haihusiani na mada ila nisingeweza kuipita.

SGR ni saizi ya kiatu

Mjomba wangu, na najua wako wajomba wengi wa hivi, akisema SGR anamaanisha treni ya kasi. Herufi hizo (Standard Gauge Railway, reli ya upana wa kiwango) zinataja upana tu, umbali kutoka reli moja hadi ya pili yake, milimita 1,435, unaoitwa wa kiwango kwa sababu ndo ulioenea zaidi duniani. Kuna za milimita 1,000, kuna za 1,067, kuna pana zaidi. Ni saizi ya kiatu. Mtu anavaa namba 43, hiyo haikwambii kama anakimbia au anachechemea. Marekani inaendesha treni za mizigo ndefu ajabu kwenye upana huo huo wa 1,435 na nyingine zinajivuta kweli kweli.

Kilichochanganya watu nadhani ni Japani. Reli zao za zamani zilikuwa za 1,067, na walipojenga Shinkansen kati ya Tokyo na Osaka, ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964 ikikimbia kilomita 210 kwa saa, waliiweka kwenye 1,435, kwa hiyo reli pana na kasi vikaingia vichwani pamoja. Lakini nenda Hispania uone kinyume chake: reli zao za zamani zina 1,668, pana kuliko SGR, na treni za kasi zilizoanza Madrid hadi Sevilla mwaka 1992 ziko kwenye 1,435. Yaani walipunguza upana ndo wakaongeza kasi! Upana unasaidia treni kutulia, sawa, ila kasi inatoka kwenye kona zilizonyooshwa, umeme, mawasiliano ya treni, uzio, na kutokuwa na mahali ambapo ng'ombe au lori linakatiza. Bomba tena, unaona.

Kwa msafiri treni anayotakiwa kuijua ni ya namna tatu hivi: ya vitongoji inayoleta watu mjini asubuhi na kuwarudisha jioni, ya masafa kati ya mji na mji, na ya kasi. Zote zinaweza kusimama kwenye stesheni moja, hata kwenye platfomu moja, kwa hiyo usipande kwa sababu imeandikwa mji unaokwenda, mbili zinaweza kwenda huko huko moja ikasimama vituo vinne na nyingine thelathini.

Kwa saa au kwa kujaa

Swali la pili watu wanalichukulia kama suala la ustaarabu, wenye ratiba wameendelea na wanaojaza ni wazembe. Sikubali. Daladala, matatu, jeepney za Ufilipino, dolmuş za Uturuki (jina lenyewe kwa Kituruki lina maana ya kujaa) zote zina mpango, ila ni mpango wa aina nyingine. Dereva mara nyingi ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni na kinachobaki ndo chake, kwa hiyo siti tupu inamuuma yeye mwenyewe, sio kampuni fulani isiyo na uso. Gari likiondoka tupu amelipia mafuta ya hewa. Matokeo yake yana mantiki ya ajabu kidogo, anayewahi kupanda ndo anayesubiri sana, na anayechelewa haingoji hata dakika ila anapewa kile kiti cha katikati kisicho na mgongo. Mjanja hapandi stendi, anasogea vituo viwili mbele ambako gari linapita likiwa limeshaanza safari. Na mpango huo una lugha zake, Johannesburg abiria wanaita gari kwa ishara za mkono, kidole cha shahada juu ni mjini, ishara nyingine ni mtaa mwingine, mgeni akipunga mkono tu anaweza kujikuta kwingine kabisa.

Kwenye zenye ratiba kitu cha kuangalia ni pengo kati ya gari na gari. Ikiwa zinapita kila dakika tano tupa ratiba, nenda tu, kwa wastani utasubiri nusu ya pengo, dakika mbili na nusu. Ikiwa ni kila saa moja ratiba ndo maisha yako, na ukichelewa dakika moja umechelewa saa nzima. Watu wanashindana treni gani ina mbio zaidi wakati inayopita mara moja kwa siku, hata iwe na mbio vipi, itakupita.

Na lile jambo la kukaa nusu saa hakuna basi halafu yakaja mawili yamefuatana? Nimesikia watu wakiapa kwamba madereva wanakaa kupiga soga mwisho wa njia. Inawezekana wapo, ila hata madereva wawe malaika itatokea tu. Basi la kwanza likicheleweshwa na taa moja, linafika kituo kinachofuata likute watu wameongezeka kidogo, kuwapakia kunalichelewesha zaidi, kituo cha mbele wameongezeka tena. La nyuma yake linakuta vituo vimefagiliwa, hakuna wa kupakia, linakimbia. Haliwezi kuacha kulifikia la mbele. Ndo maana hilo la kwanza huwa limejaa mpaka mlangoni na la pili lina siti za kuchagua, na sisi tunajisukuma kwenye la kwanza.

Kinakushusha wapi

Shanghai kuna treni isiyogusa reli, inaelea kwa sumaku, kwa muda mrefu ilikuwa inafikisha kilomita 431 kwa saa kwenye ratiba ya kawaida ya abiria, kama kilomita 30 kutoka uwanja wa ndege kwa dakika zisizofika nane. Ajabu kabisa. Ila inaishia Longyang Road, ambako sio katikati ya mji, unashuka na mabegi yako unahamia metro ya kawaida. Kwa mtu anayeenda katikati, zile dakika alizookoa hewani anazirudisha kwenye ngazi.

Hilo ndo swali la tatu, na kwenye ndege lina mtego wake wa maneno. Safari ya "moja kwa moja" kwenye tiketi za ndege inaweza kuwa na kituo katikati, ilimradi namba ya safari haibadiliki, mnatua, wengine wanashuka, nyie mnakaa. Ile isiyotua popote ina jina lake tofauti, non-stop. Angalia idadi ya vituo, usiangalie hilo neno.

Vya majini sitakaa navyo sana, kivuko ni basi lenye bahati ya kutokuwa na foleni ila lina hali ya hewa. New York wana feri ya kwenda Staten Island ambayo haina nauli tangu 1997 na inapita mbele ya ile Sanamu ya Uhuru ambayo watalii wanalipia boti kwenda kuiona. Na kwenye milima kuna vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, ambavyo zamani vilikuwa zaidi vya watalii na wateleza theluji mpaka Medellín ya Colombia ilipovifanya usafiri wa kila siku mwaka 2004, watu wa mitaa ya mlimani washuke kwenda metro. La Paz na El Alto kule Bolivia wakafuata 2014 kwa ukubwa zaidi, na ukitazama ramani unaelewa, mji mmoja uko bondeni, mwingine juu ya ukingo, barabara inazunguka zunguka kama utumbo na waya unakata moja kwa moja.

Hakuna geti haimaanishi ni bure

Miji mingine ina mageti, hujalipa huingii, rahisi. Mingine, kama ya Ujerumani, unaingia tu mpaka kwenye treni na hakuna anayekuuliza, kwa sababu mfumo unakuamini, halafu siku moja anaingia mtu aliyevaa kiraia anaonyesha kitambulisho anaomba tiketi. Mgeni anajitetea sikuona pa kulipia. Faini inaandikwa hivyo hivyo. Italia kuna hatua ya ziada, tiketi ya karatasi ya treni za mikoa unatakiwa uigonge muhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda, umelipa lakini hujagonga ni kama hujalipa. Mahali ambapo kweli hulipi ni Luxembourg, nchi nzima tangu mwaka 2020, basi, tramu na treni, isipokuwa daraja la kwanza.

Na tiketi za mjini hazipandi bei kwa kuchelewa kununua, tofauti na za ndege na treni nyingi za masafa. Kwa hiyo usihangaike kununua tiketi ya metro mwezi mmoja kabla, nguvu hizo peleka kwenye ile ya masafa.

Limebaki la saa, na hili ni letu sisi hasa tunaohesabu kuanzia alfajiri. Tiketi haijui saa moja asubuhi, inajua 07:00, na saa saba mchana inaiita 13:00, hilo wengi wamezoea. Kinachoua ni usiku wa manane. Kwetu usiku ni mmoja, unaanza jioni unaishia asubuhi, ila kwenye tiketi tarehe inageuka saa sita kamili. Basi langu moja la usiku liliandikwa Jumatano 00:20, nikaenda Jumatano usiku nimeoga vizuri na begi langu, kumbe lilishaondoka usiku wa kuamkia hiyo Jumatano, mimi nikiwa nimelala.

Nilipofika hapa kwenye kuandika nikakumbuka kumuomba dogo picha ya tiketi yake ya ndege. Akaituma. Jumamosi, 00:35. Nikamuuliza unaenda uwanjani lini, akanijibu kwa raha zake, Jumamosi jioni kaka, nataka niwahi. Nikampigia nikamwambia unatakiwa uwe pale Ijumaa usiku, yaani kesho. Kimya kidogo, halafu nikasikia zipu ya begi.